Msamvu, malori na baipasi: kwa nini watu huikataa barabara inayoahidi kuwapunguzia foleni

Kwenye Kiswahili cha mtaani neno "mchepuko" halina sifa nzuri. Wengi wetu bado tunaikumbuka ile kampeni ya kupambana na Ukimwi iliyotuambia michepuko si dili, baki njia kuu. Wahandisi wa barabara wana ushauri wa kinyume kabisa. Wakimwona dereva wa lori lenye tani 56, ambalo ndilo kikomo cha uzito kwa nchi za Afrika Mashariki, anatoka bandarini Dar es Salaam kwenda Tunduma, wanamwambia: wewe chepuka, njia kuu waachie wenye mji.

Barabara ya kuchepukia huitwa "barabara ya mchepuo" kwenye hotuba za bajeti. Mtaani tunasema baipasi, na hapa tutatumia hilo hilo la mtaani. Kwa kuisikia tu, unadhani kila mtu ataifurahia: malori yanatoka mjini, foleni inapungua, moshi unapungua, watoto wanavuka barabara kwa amani. Lakini karibu kila inapopangwa baipasi, wanatokea watu wa kuipinga. Mara wanaitwa wapinga maendeleo, mara wanaambiwa wanatumiwa. Kiukweli, ukiwasikiliza vizuri, hoja zao nyingi ni za kisayansi, hata kama wenyewe hawazisemi kwa lugha ya fizikia.

Hebu tuzipitie hoja hizo moja moja, tukianzia hapa hapa Morogoro, halafu twende Kampala na Nairobi ambako mambo haya yameshatokea.

Msamvu ilivyo

Kama hujawahi kufika Morogoro, jiografia yake ni hivi. Upande wa kusini umekaa ukuta wa Milima ya Uluguru, na kilele cha Lupanga kinauangalia mji kutoka juu ya mita 2,100. Mji wa zamani umejibana chini ya milima. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia haipiti katikati ya mji huo wa zamani. Inapita pembeni, upande wa kaskazini, na inakutana na barabara ya Dodoma pale Msamvu. Kwa hiyo kwenye kipilefti cha Msamvu zinakutana njia nne: ya Dar, ya Iringa, ya Dodoma na ile inayoingia mjini.

Umeona kitu hapo? Barabara kuu ilipita pembeni, kama baipasi inavyotakiwa kupita. Mji ndio ulioifuata. Stendi kuu ya mabasi ikawa Msamvu. Nyumba zikajaa Kihonda na Mafisa. Bodaboda, bajaji, mamantilie na wauza matunda wakafuata abiria. Leo kilichokuwa pembeni ni katikati. Hili ni somo la kwanza, na huhitaji maabara kulithibitisha: barabara nzuri huvuta mji. Mpango wa baipasi usiosema nani atazuiwa kujenga kando yake ni mpango wa kuhamisha foleni kwa miaka michache tu.

Na kinachopita Msamvu siyo mchezo. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka eneo hilo, watu wakasogea kuchota mafuta yaliyokuwa yanamwagika, moto ukalipuka. Waliofariki walizidi 100. Hakuna mhandisi anayeweza kukuambia kwamba baipasi ingezuia msiba ule. Lori linaweza kupinduka popote, na watu wanaweza kulikimbilia popote. Kinachoamuliwa na ramani ya barabara ni umbali: mzigo wa hatari unapita mita ngapi kutoka kwenye stendi, shule na vyumba watu wanakolala.

Suala hili siyo la jana tu. Serikali imekuwa na mpango wa barabara ya kasi ya kulipia kutoka Kibaha kupitia Chalinze hadi Morogoro, kwa ubia na sekta binafsi. Magari yanayotembea kwa kasi kubwa bila kusimama lazima mahali fulani yashuke na kuungana na barabara ya kawaida. Yatashukia wapi, na kwa makutano ya aina gani? Hapo ndipo penye mjadala wenyewe.

Hesabu ya makutano

Chukua karatasi uchore njia panda ya kawaida, barabara mbili zinazokatana. Kila gari linaweza kwenda moja kwa moja, kukata kushoto au kukata kulia. Chora mistari yote, halafu hesabu sehemu ambazo mistari inagusana: inapokatana, inapoungana na inapoachana. Utapata 32. Wahandisi huziita pointi za mgongano, na 16 kati ya hizo ni za kukatana, ambazo ndizo mbaya kuliko zote kwa sababu gari moja linaweza kumpiga mwenzake ubavuni.

Sasa futa, uchore kipilefti chenye njia moja na matawi manne. Hesabu tena. Unapata 8: nne za kuungana, nne za kuachana, na za kukatana hakuna hata moja. Ndiyo maana kipilefti, pamoja na kelele zote tunazokipigia, ni moja ya vitu salama sana ambavyo uhandisi umewahi kubuni. Kinamlazimisha kila mtu apunguze mwendo, na ajali zikitokea huwa za kugusana pembeni zaidi kuliko za uso kwa uso.

Lakini usalama huo una masharti. Kwetu anayetaka kuingia anampisha aliyeko tayari ndani, anayekuja kutoka kulia kwake. Maana yake kila dereva anasubiri upenyo. Gari dogo linahitaji upenyo wa kama sekunde nne au tano. Lori refu lenye tela linahitaji zaidi, kwa sababu linaanza kutembea taratibu na magurudumu yake ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Hukata kona kwa ndani. Sasa fikiria mkondo mmoja, tuseme wa Dar kwenda Iringa, umejaa malori na mabasi yanayofuatana. Anayetoka mjini hapati upenyo kabisa. Kipilefti kimegeuka mlango wa upande mmoja. Hapo ndipo unamwona trafiki anaingia katikati kuongoza kwa mikono, na kuanzia dakika hiyo huna tena kipilefti. Una njia panda yenye duara katikati.

Kwa hiyo mtu akikuambia "tutajenga baipasi, na itaungana na barabara za zamani kwa vipilefti", swali la kwanza ni: magari mangapi kwa saa, na kutoka tawi lipi? Vipilefti hupenda matawi yanayolingana. Tawi moja likiwa jitu na mengine watoto, mfumo unakwama hata kama jumla ya magari siyo kubwa.

Kampala walijenga, wakajenga tena

Baipasi ya Kaskazini ya Kampala ina urefu wa kilometa 21. Ujenzi ulianza 2004, ikakamilika 2009. Lengo lilikuwa lilelile: magari yanayotoka upande wa Kenya kwenda magharibi mwa Uganda yasiingie katikati ya jiji. Sehemu kubwa ilijengwa kwa njia moja kila upande, na penye barabara kubwa zinazotoka mjini wakaweka vipilefti.

Matokeo yake, baipasi yenyewe ikawa na foleni. Magari yalitembea vizuri kati ya makutano, halafu yakaja kurundikana kwenye kila kipilefti, kwa sababu mkondo wa baipasi ulikuwa unakutana na mkondo wa watu wanaoingia na kutoka mjini asubuhi na jioni. Mwaka 2014 ukaanza upanuzi: barabara ya pili sambamba na ya kwanza, na madaraja ya juu mahali palipokuwa na vipilefti, ili mkondo mmoja upite juu na mwingine chini. Kazi hiyo ilichukua miaka mingine mingi, huku magari yakipita katikati ya vumbi la ujenzi.

Somo la Kampala ni rahisi kulisema na gumu kulilipia. Uwezo wa barabara hauamuliwi na upana wake kati ya makutano. Unaamuliwa na makutano yenyewe. Ni kama mpira wa bustani: hata ukiwa mnene kiasi gani, maji yanayotoka ni yale yanayopita pale ulipoukanyaga.

Je, basi tujenge madaraja ya juu kila mahali? Tanzania tunayo, na yanafanya kazi: la Mfugale pale TAZARA lilizinduliwa 2018, na la Kijazi pale Ubungo likafuata 2021. Lakini daraja la juu linameza ardhi nyingi, linagharimu fedha nyingi, na kwa mwenda kwa miguu linaleta tatizo jipya kabisa.

Mtu wa miguu na hesabu ya kasi

Hapa ndipo hoja za wakazi huwa na nguvu kuliko zote. Baipasi hujengwa ili magari yaende kasi. Nguvu ya mwendo wa gari haiongezeki sawasawa na kasi. Inaongezeka kwa kipeo cha pili. Lori likitoka kilometa 50 kwa saa likafika 100, kasi imekuwa mara mbili lakini nguvu ya kugonga imekuwa mara nne. Likitoka 50 kwenda 80 tu, nguvu imeongezeka zaidi ya mara mbili na nusu.

Angalia na umbali wa kusimama. Tuseme dereva anachukua sekunde moja na nusu kushtuka na kukanyaga breki, na lami ni kavu. Akiwa kwenye 50, atasimama baada ya takriban mita 40. Akiwa kwenye 80, anahitaji zaidi ya mita 80. Mtoto aliyekimbilia mpira mita 60 mbele yake anapona katika hali ya kwanza. Katika hali ya pili, gari linamfikia likiwa bado linatembea kwa kasi ya kuua. Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa na gari dogo huongezeka mara nne na nusu kasi inapopanda kutoka 50 kwenda 65. Yaani kilometa 15 tu.

Sasa mchukulie mkazi ambaye shamba liko upande mmoja na kisima au shule iko upande wa pili. Ramani inaonyesha mstari mwembamba. Kwake ni ukuta. Wapangaji watamwambia: tumekuwekea daraja la waenda kwa miguu. Hebu tulipige hesabu daraja hilo. Ili malori yapite chini yake salama, njia ya juu inakaa kama mita 6 kutoka ardhini. Mama mwenye ndoo kichwani au mzee mwenye baiskeli hapandi ngazi, anahitaji mteremko. Mteremko unaokubalika kwa kiti cha magurudumu ni mita 1 ya kupanda kwa kila mita 12 za kwenda mbele. Kwa mita 6 hiyo ni mita 72 kupanda, na nyingine 72 kushuka, ili avuke barabara yenye upana wa mita 30. Watu watafanya nini? Watavuka chini, wakikimbia. Tunawalaumu kila siku kwamba hawana elimu ya usalama barabarani, wakati miguu yao imepiga hesabu sahihi kuliko mchoro.

Suluhisho lipo na ni la kawaida: inua barabara, siyo watu. Magari yakipita juu ya tuta lenye kivuko pana chini yake, mtu anavuka bila kupanda popote. Ni ghali zaidi wakati wa ujenzi, lakini tofauti hiyo hulipwa mara moja. Vifo hulipwa kila mwaka.

Nairobi: mstari ukipita mahali pasipopitika

Baipasi ya Kusini ya Nairobi ni ya takriban kilometa 30, inaunganisha Barabara ya Mombasa na Kikuyu. Ujenzi ulianza 2012 na ikafunguliwa 2016. Ugomvi mkubwa haukuwa juu ya kilometa zote 30. Ulikuwa juu ya kilometa chache tu, kati ya Barabara ya Mombasa na eneo la Lang'ata, ambapo barabara ilibanwa: upande mmoja Uwanja wa Ndege wa Wilson na majengo, upande wa pili uzio wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi.

Hifadhi hiyo ilianzishwa 1946 na ina kilometa za mraba 117 tu. Kwa kulinganisha, Mikumi yetu ni kubwa zaidi ya mara 25. Ina uzio upande wa jiji, na upande wa kusini iko wazi ili wanyama waende kwenye mbuga za Kitengela na Athi. Wapangaji walitaka kumega ukanda wa hifadhi. Wahifadhi, wakiwemo African Network for Animal Welfare, wakaenda mbele ya baraza la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira. Hoja yao haikuwa kwamba baipasi haifai. Walisema kwamba mpaka wa hifadhi hauwezi kusogezwa kwa uamuzi wa ofisi ya barabara, kwamba sheria ina utaratibu wake na lazima ufuatwe. Kazi kwenye kipande hicho ikakwama kwa muda mrefu wakati sehemu nyingine zinasonga. Hatimaye barabara ilikamilika.

Kwa nini kipande kidogo kiwe na uzito hivyo? Kwa sababu eneo linaloathiriwa na barabara ni pana kuliko lami yenyewe. Kelele, taa za usiku, majani ya kigeni yanayosafiri na magari, na takataka huingia ndani. Wanaikolojia huita hiyo athari ya ukingo. Katika hifadhi kubwa ukingo ni sehemu ndogo ya yote. Katika hifadhi ndogo, kila unapomega, sehemu kubwa zaidi ya kilichobaki inakuwa ukingo.

Hilo tunalijua hapa nyumbani. Barabara ya Morogoro kwenda Iringa inakata Hifadhi ya Mikumi kwa kilometa 50 hivi. Wanyama wamekuwa wakigongwa humo kwa miongo kadhaa, na watafiti wamekuwa wakiwahesabu tangu miaka ya 1990. Ndiyo maana kuna matuta, kikomo cha kilometa 50 kwa saa, na mabango yanayotaja faini ya kila mnyama. Ukipita hapo ukawa unalaani matuta, kumbuka kwamba hayo ni makutano pia. Tofauti ni kwamba anayetoka upande wa pili hajui maana ya kupisha.

Na Serengeti inatuonyesha upande mwingine wa shilingi. Shirika hilohilo lilipeleka shauri dhidi ya Tanzania mbele ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kupinga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa hifadhi. Juni 2014 mahakama ikazuia barabara ya lami. Ulimwengu wa uhifadhi ulishangilia. Lakini mtu wa Mugumu au Loliondo anayehitaji kumfikisha mgonjwa hospitali bado alihitaji barabara. Kwa hiyo ukisikia "wananchi wanapinga", uliza: wananchi gani, na wanaishi upande gani wa mstari? Upinzani wa aliyeko mbali na upinzani wa atakayebomolewa nyumba ni vitu viwili tofauti, na vyote viwili vinaweza kuwa sahihi.

Kwa nini Morogoro haiwezi kuchora mstari popote

Rudi kwenye ramani ya mji wetu. Kusini kuna Uluguru, ambako msitu wa asili umehifadhiwa na miteremko ni mikali. Huwezi kuchimba barabara ya malori hapo bila kukaribisha maporomoko. Kusini magharibi kuna Bwawa la Mindu, linaloupa mji sehemu kubwa ya maji yake, na barabara ya Iringa tayari inapita karibu nalo. Lori la kemikali au mafuta likipinduka kwenye eneo linalomwaga maji bwawani, ni mji mzima unaotafuta maji ya kunywa. Zinabaki tambarare za kaskazini, ambako tayari kuna Kihonda inayokua, na reli ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024.

Tambarare zinaonekana rahisi, lakini maji ya Uluguru yanashukia huko. Mvua ikipiga mlimani, Mto Morogoro na vijito vingine hujaa haraka na kuelekea Ngerengere, kisha Ruvu, mto ambao Dar es Salaam inaunywa. Barabara iliyoinuliwa juu ya tuta na kukatiza tambarare hizo ni bwawa lisilo rasmi. Maji yanapita pale tu penye kalavati.

Hapa kuna fizikia ndogo inayofaa kukumbukwa. Ukiongeza kipenyo cha bomba la kalavati mara mbili, kwa mteremko uleule, maji yanayopita hayaongezeki mara mbili. Yanaongezeka zaidi ya mara sita. Na kinyume chake ni kweli: kalavati likipunguzwa kidogo ili kuokoa fedha, au likijaa mchanga kwa sababu huko juu watu wamelima hadi ukingoni mwa mto, uwezo wake unaporomoka haraka. Wakazi wa Bwaise kule Kampala, walioko kando ya kinamasi cha Lubigi ambacho baipasi inakipitia, wamelalamika mafuriko kwa miaka. Mtu wa bondeni anayesema "hii barabara itatuletea maji" anasema jambo linaloweza kupimwa. Mpimie kabla hujamwita mbishi.

X nyekundu, X ya kijani, na sahani ya wali

Kuna hoja ambazo siyo za fizikia lakini zina hesabu zake. Ya kwanza ni nyumba. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Ndiyo maana tunaona alama mbili: X nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, hana fidia, na X ya kijani kwa aliyekutwa na nyongeza, anastahili fidia. Kwenye baadhi ya barabara vipimo ni vikubwa zaidi. Mwaka 2017 wakazi wa Kimara hadi Kiluvya, kwenye Barabara hiihii ya Morogoro, waliambiwa hifadhi ni mita 121.5 kila upande, na nyumba zikabomolewa kupisha barabara ya njia nane. Aliyeona au kusikia hayo, ukimwambia habari ya baipasi, cha kwanza anachofikiria siyo foleni. Anafikiria ukuta wake.

Ya pili ni biashara. Chalinze ni mji uliokulia kwenye njia panda. Magari yasingesimama pale, kusingekuwa na Chalinze tunayoijua. Msamvu nayo ina mamia ya watu wanaokula kwa sababu mabasi na malori yanasimama. Baipasi inampunguzia mwenye gari dakika 20, na inampunguzia mamantilie sahani za wali. Faida imegawanywa kwa maelfu ya wasafiri, kila mmoja akipata kidogo. Hasara imewaangukia wachache, kila mmoja akipata nzima. Usishangae wachache hao wakipiga kelele kuliko maelfu.

Lakini je, foleni itapungua?

Inategemea kitu kimoja ambacho watu husahau kukiuliza. Baipasi inamfaa anayepita tu. Tuchukue mfano wa kubuni: magari 100 yanafika Msamvu. Kama 60 yanaendelea Iringa au Dodoma, baipasi inaweza kuondoa zaidi ya nusu. Kama 80 yanaingia mjini, stendi au Kihonda, baipasi hata ijengwe kwa dhahabu itaondoa 20 tu, na foleni utaiona palepale.

Namna ya kujua ni rahisi kuliko unavyofikiri. Weka watu kwenye kila tawi, waandike namba za magari na saa yanapopita. Gari lililoonekana upande wa Dar na dakika chache baadaye upande wa Iringa ni la kupita. Lisiloonekana tena limeingia mjini. Wanafunzi wenye kalamu na saa wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa siku chache, na matokeo yake yana thamani kuliko hotuba kumi.

Halafu kuna suala la barabara mpya kuzaa magari mapya. Mwaka 2011 wachumi Gilles Duranton na Matthew Turner walionyesha kwa takwimu za miji ya Marekani kwamba kilometa zinazoendeshwa huongezeka karibu sambamba na kilometa za barabara kuu zinazojengwa. Hatuna budi kuwa waangalifu kuhamisha matokeo ya Marekani kuja hapa, ambako wengi hawana magari. Ila Msamvu yenyewe imeshatuonyesha kwamba mji huifuata lami.

Ukiitwa kwenye mkutano wa hadhara

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mradi mkubwa kama huu ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, chini ya usimamizi wa NEMC, na wananchi washirikishwe. Siku mwenyekiti wa mtaa atakapotangaza kikao, usiende kupiga makofi wala kuzomea. Nenda na maswali haya:

1. Kati ya magari yanayofika Msamvu, ni asilimia ngapi yanapita tu? Nani alihesabu, na lini?
2. Baipasi itaungana na barabara za zamani kwa kipilefti, taa au daraja la juu? Hesabu za saa ya msongamano zikoje kwa kila tawi?
3. Wenda kwa miguu watavuka wapi, na ni nani atakayepanda, mtu au gari?
4. Makalavati yamepimwa kwa mvua ya miaka mingapi, na nani atayasafisha?
5. Nani atazuia ujenzi kando ya barabara mpya, ili tusijenge Msamvu ya pili?
6. X yangu ni ya rangi gani, na fidia italipwa kabla au baada ya kubomolewa?

Anayeuliza haya hapingi barabara. Mradi wenye majibu utaondoka kwenye kikao hicho ukiwa na nguvu zaidi. Mradi usio na majibu ni heri usahihishwe ukiwa bado penseli na karatasi, kwa sababu penseli ina kifutio. Zege halina.